Mwenyekiti Aliyefunga Mvua ya Jumamosi

Jumapili, 7 Septemba 2003

Nimekuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi! Kura nne dhidi ya moja. Hiyo moja ni ya Kiprotich, aliyejipigia mwenyewe. Genoveva hakumpigia mtu. Alisema katibu hapigi kura. Sijawahi kusikia kanuni hiyo, lakini nilikuwa nimeshashinda, nikamwachia.

Niandike ilivyokuwa, vizazi vijavyo visipate tabu. Method, ninayeishi naye hapa Adelphi, Maryland, Marekani, anamwoa Chelagat Jumamosi ya tarehe 20. Method ni Mtanzania mwenzangu, mpole kupita kiasi. Chelagat ni Mkenya, muuguzi, zamu ya usiku miaka minne mfululizo. Analala mchana, anaamka jua linazama. Ana ombi moja tu kuhusu harusi yake: aolewe nje, juani, mchana kweupe, mama yake akiwapo. Mama amefika wiki jana kutoka Kericho. Anarudi Jumatatu tarehe 22 na tiketi yake haibadilishiki. Kwa hiyo ni Jumamosi hiyo au basi. Uwanja umepatikana, ule wenye miti kando ya kijito.

Kiprotich, binamu wa bibi harusi na dereva wa treni, akasimama. Akasema hali ya hewa ya Septemba ya huku haiaminiki, akatutangazia turubai. Ni lile la kijani la jumuiya, analolitunza yeye. Sote tumekaa chini yake, mara nyingi msibani. Alieleza kamba na vigingi vyake kwa dakika kumi. Nikaona wajumbe wanaanza kumtazama kama mwenyekiti. Hatari!

Ndipo nikasema, kwa sauti ya chini, kwamba turubai halitahitajika. Kwetu Tukuyu, babu yangu alikuwa anafunga mvua. Na kabla hajafa aliniita chumbani peke yangu.

Ukweli, na ubaki humu humu: babu alikuwa fundi baiskeli. Kitu pekee alichowahi kuzuia ni upepo usitoke kwenye tairi. Tena Tukuyu mvua hainyeshi, inaishi pale. Angekuwepo mtu wa kuifunga, watu wangegundua. Mimi ni mtu wa elimu, mambo hayo siyaamini hata chembe. Lakini nyumba ya wazee ninakoendesha gari ina kompyuta pale mapokezi, na kompyuta hiyo inaonyesha utabiri wa siku kumi mbele. Huo ndio babu yangu.

Kiprotich alicheka. Mama Chelagat hakucheka. Alikuwa anakunja leso yake, akaikunja tena, kisha akasema huko kwao alimjua mtu wa namna hiyo, sokoni, na harusi za watu hazikulowa. Akasema turubai liachwe. Mama mzazi akishasema, nani apinge? Genoveva akauliza kama kweli aliandike hilo kwenye muhtasari. Nikamwambia aliandike vizuri. Ameandika hivi: Azimio la 4. Turubai limefutwa. Mvua ya Jumamosi tarehe 20 itazuiwa na Mwenyekiti.

Jumatatu, 8 Septemba

Utabiri unaishia tarehe 18. Ya 20 bado haionekani. Hainisumbui. Mwenyekiti anaangalia mbali kuliko kompyuta.

Saa saba mchana Mama Chelagat akanipigia simu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia kwa upole, kisha akanikumbusha masharti. Masharti gani? Nikasema ndiyo, bila shaka, nilikuwa nayafikiria hayo hayo. Basi akayataja, kama alivyoyasikia kwa yule mtu wa sokoni. Anayefunga mvua haogi mpaka sherehe iishe. Maji yakimgusa, mvua inaona imekaribishwa.

Siku kumi na mbili! Na mimi nabeba wazee kwenye gari lililofungwa vioo, kuwapeleka kusafishwa damu. Wengine pua zao bado ni kali sana. Nimekubali, maana ningesemaje? Nitaoga kazini, kwenye bafu la wafanyakazi, na hakuna mtu wa Adelphi atakayejua. Rahisi.

Jumatano, 10 Septemba

Ushindi mara mbili kwa siku moja.

Kwanza, utabiri umefika tarehe 20. Jua! Duara zima la njano, hakuna hata kijiwingu pembeni. Karibu nibusu kioo cha kompyuta. Mapokezi wakaniuliza kama nina habari njema kutoka nyumbani. Nikawaambia inatoka kwa babu.

Pili, asubuhi televisheni ilisema mvua itaanza saa tisa na kukatika saa kumi. Nikawaalika wajumbe kwenye maegesho ya magari ya hapa kwetu, nikasema nataka kujipima nguvu kidogo. Saa tisa ikaanza. Nikasimama kibarazani kwenye ngazi, pakavu, na mwiko wa ugali mkononi. Mwiko ni wazo langu mwenyewe. Saa kumi kasoro tano nikaunyoosha juu na kunong'ona. Nilikuwa nahesabu wachezaji wa timu yangu kwa majina, kuanzia golikipa. Nilipofika wa akiba, ikakatika.

Method aliduwaa. Jirani mmoja Mkongo, aliyekuwa anatoa takataka, alinivulia kofia. Nilijisikia vizuri sana, siwezi kuficha. Genoveva aliandika tu, na nimechungulia: Mvua imekatika saa kumi na dakika tano, kama televisheni ilivyosema asubuhi. Wivu wa makatibu ni kitu kibaya.

Ijumaa, 12 Septemba

Kiprotich amekuja jioni eti kuazima nyundo. Hakuwa na shida ya nyundo. Alikaa karibu nami kwenye kochi, karibu mno, akavuta pumzi ndefu.

"Chairman, wewe umeoga," akasema. "Hiyo ni sabuni ya ndimu."

Nikamweleza kwamba nilikamua ndimu kwenye samaki. Akaomba aonyeshwe samaki. Nikasema ameliwa. Akaomba mifupa! Mtu huyu angefaa kuwa hakimu. Mwishowe nikasema ni harufu ya asili ya ukoo wetu inayotoka mvua ikishafungwa barabara. Aliondoka bila nyundo, na najua ameshaenda kwa Mama Chelagat.

Kuanzia kesho naoga bila sabuni.

Jumamosi, 13 Septemba

Sifa zimevuka mpaka. Bwana mmoja anaitwa Cheruiyot, katibu wa mashindano ya mpira ya Wakenya kule Manassas, alinipigia jana akaniomba nifunge mvua ya leo. Nikatazama utabiri: uwezekano asilimia kumi. Asilimia kumi si kitu. Nikakubali.

Nilikaribishwa kiti cha mbele, chini ya mwavuli, pamoja na wachungaji. Nikakataa mwavuli mbele ya watu wote. Kosa. Dakika ya ishirini ilikuja ile asilimia kumi, yote kwa pamoja. Wachezaji walikimbilia kwenye magari. Golikipa mmoja alibaki golini kwa sababu hakuwa anaona pa kukimbilia.

Cheruiyot alikuja kuniuliza, kwa heshima kabisa, nini kimetokea. Jibu lilinijia lenyewe. Nikamwambia aangalie yuko wapi. Manassas ni Virginia. Mimi nimeifunga mvua ya Maryland. Jimbo lingine, mamlaka nyingine. Hata leseni ya kunyoa ya huku huwezi kunyolea kule. Alifikiri kidogo, akakiri kwamba shemeji yake alipata tabu hiyo hiyo na leseni ya usonara. Tuliagana vizuri. Niliporudi nyumbani nilikuwa nimeshaanza kuona hoja hiyo ina ukweli ndani yake.

Jumapili, 14 Septemba

Kikao cha pili. Kikao kibaya.

Genoveva alikuja na ramani aliyochapisha ofisini kwake ubalozini. Kuna kimbunga baharini, kinaitwa Isabel. Kikubwa ajabu. Mstari wake unapinda kuja huku, na unatufikia Alhamisi. Nikasema Alhamisi si Jumamosi, na azimio linahusu Jumamosi. Genoveva akasema kimbunga hakisomi maazimio. Uwanja wenye miti unaweza kuharibika, na kanisa moja kule Temple Hills lina ukumbi wa chini ambao bado haujachukuliwa. Wanasubiri jibu hadi Jumatano.

Kisha akaongeza, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba kimbunga chenyewe kilianza kama wingu tu, pwani ya Afrika Magharibi. Wajumbe wote wakanigeukia! Nikawaambia Tukuyu iko kusini magharibi ya Tanzania, mbali na pwani yoyote ile. Kiprotich akauliza kama mawingu yana mipaka ya majimbo. Amepata habari za Manassas. Habari za Manassas zinasafiri haraka kuliko treni yake.

Chelagat alisema tu kwamba ukumbi wa chini hauna hata dirisha. Kazini kwake pia hakuna dirisha. Nilimwona alivyokaa, mikono mapajani, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na nikatamani sana niwe na babu wa kweli.

Nikagonga meza. Nikasema uwanja ni ule ule, jua lipo, na asiyeniamini ajiuzulu. Hakuna aliyejiuzulu. Hilo nalihesabu kama imani.

Jumanne, 16 Septemba

Madukani hakuna betri, hakuna maji, hakuna mishumaa. Nimepata mshumaa mmoja wa siku ya kuzaliwa, wa umbo la namba sita. Televisheni inaonyesha Isabel kutwa nzima, inazunguka kama unga kwenye mashine. Nimepigiwa simu na watu kumi na mmoja. Wanne wanataka niizuie. Saba wanauliza kwa nini nimeileta.

Jioni Method alikuwa jikoni anakoroga uji. Alizima jiko, akageuka. Method huwa hamkatizi mtu, hamwulizi mtu maswali. Leo aliuliza.

"Gwakisa, kesho lazima nilijibu kanisa," akasema. "Mama anaondoka Jumatatu. Hatutapata siku nyingine naye, labda miaka. Niambie ukweli, mimi sitakucheka. Unaweza, au huwezi?"

Hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: fundi baiskeli, kompyuta, mwiko. Ilikuwa sekunde mbili tu. Lakini niliwaza uso wa Kiprotich, na kiti changu, na muhtasari wa Genoveva, na sekunde zikaisha.

"Naweza," nikasema.

Akashusha pumzi, akanishukuru, akawasha jiko tena. Kisha akapiga simu kanisani na kuuachia ukumbi. Niliunywa uji wake wote nikiwa nimeona aibu, na bado ninayo sasa ninapoandika. Lakini kompyuta bado inaonyesha jua Jumamosi. Lile duara liko pale pale.

Alhamisi, 18 Septemba, saa tisa alasiri

Serikali imefungwa. Shule zimefungwa. Treni zimesimama tangu saa tano asubuhi. Miti ya University Boulevard inainama yote upande mmoja, inanyooka, inainama tena. Mvua inakuja kwa ubavu.

Naogopa. Si upepo. Namwogopa Chelagat, kumtazama usoni.

Kwa hiyo nimefanya jambo ambalo mtu wa elimu hafanyi. Saa nane nilichukua mwiko, nikatoka mwenyewe mpaka katikati ya maegesho, na safari hii sikutaja wachezaji. Nilimwita babu kwa jina lake. Nikamwambia kama kulikuwa na kitu chochote alichojua, zaidi ya baiskeli, huu ndio wakati wake. Nikaiambia mvua ipite, inihurumie, kuna binti anataka jua la siku moja tu. Nilisema kwa sauti, mwiko juu. Upepo ukauchukua mwiko. Uliruka juu ya paa la jengo la pili na sijauona tena.

Nilirudi nimelowa mpaka soksi. Simu ikalia. Kiprotich, anayekaa jengo la mbele, dirisha linalotazamana na langu.

"Chairman," akasema, "sasa umeoga hadharani."

Ijumaa, 19 Septemba

Umeme ulikatika jana jioni na haujarudi. Nimeamka, nikafungua pazia, na kumbe jua! Anga safi kabisa, kana kwamba hakuna aliyewahi kuligusa. Nilishangilia peke yangu sebuleni. Kisha Method akarudi kutoka uwanjani.

Mwaloni umeanguka, ule mkubwa kuliko yote, pale pale tulipopanga kuweka meza. Mingine midogo imelala juu yake. Kijito kimepanda mpaka kwenye mabenchi. Askari wa bustani ameweka utepe wa njano na kusema hapafunguliwi kabla ya wiki mbili. Nilimuuliza Method kuhusu Temple Hills. Ukumbi una maji mpaka vifundoni, waliopewa nao wanalia. Nikamwonyesha jinsi nilivyotuokoa na maji hayo. Aliingia chumbani na kufunga mlango taratibu, na ingekuwa afadhali angeubamiza.

Kamati ilikutana kwenye ngazi za jengo letu, maana ndani ni giza. Kikao kifupi kuliko vyote. Hakuna aliyenitukana. Mama Chelagat alikaa ngazi ya chini, amemshika binti yake mkono. Chelagat aliuliza tu, mchungaji akija wakasimama naye popote, hata kando ya barabara, ndoa itakuwa ndoa?

Genoveva alikuwa anatazama chini kwenye maegesho. Majirani zetu Wasalvador walikuwa wameshatoa majiko ya mkaa. Friji zimekufa, nyama zote zinayeyuka, kwa hiyo wanachoma kila kitu kabla hakijaharibika, na kumkaribisha kila apitaye. Sisi nasi tuna mbuzi wanne wa harusi wanaoyeyuka kwenye friji ya Kiprotich.

"Pale kuna jua," Genoveva akasema. "Tuhamishe magari."

Hivyo tu. Akageuza ukurasa na kuanza kugawa kazi. Kiprotich akapewa magari, agonge milango ya watu mmoja mmoja. Alijitolea pia kuleta turubai, angalau la kivuli. Mama akasema hapana, haraka kuliko nilivyowahi kumsikia akisema kitu. Mimi nikapewa viti. Nimebeba viti sabini na viwili kutoka majumba matatu, ngazi baada ya ngazi. Nimeandika kwenye daftari kwamba mwenyekiti alisimamia viti.

Jumamosi, 20 Septemba

Jua. Jua kutwa nzima!

Harusi imefungwa saa sita mchana, kati ya mstari wa maegesho namba 14 na namba 31. Mchungaji alitembea kutoka kituo cha mafuta kwa sababu taa za barabarani hazifanyi kazi na magari yameshonana. Chelagat alishuka ngazi na gauni lake jeupe, viatu vya visigino mkononi, maana lami ilikuwa na matawi. Wasalvador walisimama wote na kuvua kofia. Katika maombi, ambayo yalikuwa marefu, nilifungua jicho moja. Method alikuwa analia. Chelagat alikuwa ameinua uso juu, macho yamefumbwa, jua limemjaa paji la uso, hana haraka ya kwenda kokote. Mama yake alikuwa anamtazama yeye, si mchungaji. Nami nikalia kidogo. Moshi ulikuwa mwingi.

Tulikula mbuzi, tukala kuku wa jirani, tukala samaki wa mtu tusiyemjua. Mkongo alileta chikwange, mkate wa muhogo wa kwao, na kuwafundisha Wasalvador kuimega.

Kisha nikatoa hotuba. Nilikuwa na haki hiyo. Nikawaomba watu watazame juu, wahesabu mawingu. Hamna. Nikawakumbusha Azimio la 4, neno kwa neno: mvua ya Jumamosi. Nikauliza, imenyesha? Wachache wakapiga makofi. Mtu wa nyuma akauliza kuhusu Alhamisi, kwa kuwa mti umeangukia gari lake. Nikamjibu kwamba Alhamisi haikuwa ndani ya azimio.

Genoveva alisimama bila kuombwa. "Ukichukua Jumamosi, chukua na Alhamisi," akasema. "Au ziache zote mbili. Hali ya hewa haikukuuliza wewe siku yoyote."

Watu wakacheka sana, hata Method. Kiprotich alicheka mpaka akashikilia kiti. Nilikaa. Nikamtafakari Genoveva kwa muda wa soda nzima. Hoja yake ina kasoro mahali fulani. Sijaipata bado, lakini ipo.

Jumatatu, 22 Septemba

Tumempeleka Mama Chelagat uwanja wa ndege, Dulles. Niliendesha mimi. Maharusi walikwenda kupima mizigo, tukabaki sisi wawili kwenye viti. Nilikuwa natarajia shukrani za pembeni, za mtu anayejua thamani ya kazi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi na safari, nimeshaongea na mawingu.

Akanitazama kwa huruma.

"Kijana yangu, mimi sikukuamini hata siku moja," akasema. "Yule mtu wa soko alikuwa mwongo kama wewe, na yeye alikuwa anaoga."

Nikauliza sasa kwa nini, basi. Kwa nini alikubali turubai lifutwe? Akaikunjua leso yake, akaikunja tena. Kisha akasema mwaka juzi mtoto wake wa kiume, Kimutai, kaka yake Chelagat, alifia huku. Watu wa Adelphi walikusanyika wakamwomboleza, wakarekodi kanda ya video, wakamtumia Kericho pamoja na mwili. Hiyo kanda ameiangalia mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu. Watu wote wamekaa chini ya turubai la kijani.

"Singeweza kukaa chini ya hilo turubai nikiozesha huyu," akasema. "Na Kiprotich ndiye alilijenga, kwa mikono yake, akilia. Nitamwambia nini? Kisha wewe ukaanza mambo ya babu yako. Nikamshukuru Mungu."

Kuhusu kuoga, akasema, hilo lilikuwa la kuniadhibu kidogo tu.

Alinishika kichwa na kunibariki, akaenda zake na binti yake mpaka pale wasiosafiri wanapozuiwa. Nilimwona Chelagat anabaki amesimama pale muda mrefu baada ya mama kupotea. Method alisimama naye. Niliona aibu tena, na sikuwa na hotuba yoyote. Kiprotich alikuwa amelia, na mimi nilipigana naye wiki mbili kwa sababu ya kiti. Barabara nzima ya kurudi sikuwasha redio. Nilifika mpaka daraja la mtoni nikiwa nimeamua kabisa: nampigia Kiprotich, namwambia ukweli wa babu, namwachia uenyekiti wa kila kitu.

Baada ya daraja nikafikiri vizuri zaidi. Mama amesema alimshukuru Mungu. Mungu anashukuriwa kwa kitu alichokileta, na kilicholetwa ni mimi. Alitaka turubai liondoke, likaondoka. Binti alitaka jua, likaja. Mti ulianguka Alhamisi, watu wakiwa majumbani, haukuanguka Jumamosi juu ya meza. Mtu mwingine angeita hayo bahati. Mtu mwingine hakuwa mwenyekiti.

Nimefika nyumbani, umeme umerudi, simu inalia. Dada mmoja anaitwa Awino, wa hapa Adelphi. Ana ubarikio wa mtoto tarehe 13 Desemba na anaogopa theluji. Amesikia habari zangu. Hakusema ni habari zipi, nami sikumuuliza. Nikamwambia amepiga simu mahali penyewe, kwa sababu mvua ilikuwa kazi ya babu, lakini theluji ndiyo fani yangu hasa. Tukuyu hakuna theluji hata moja, na aniambie yeye ni nani aliyeizuia.

Kikao cha kwanza ni Jumapili saa tisa. Nimeomba kiti cha mwenyekiti kiwekwe karibu na dirisha.